Kula Taco Kibandani Meksiko: Mwongozo Kamili kwa Msafiri

Meksiko taco, yaani tortilla (chapati ndogo ya mahindi) iliyokunjwa na nyama au mboga ndani, hazitafutwi. Ukitoka kituo cha metro, ukipita nje ya hospitali, ukivuka barabara mbele ya ofisi za serikali, utakuta kibanda cha bati chenye taa moja, moto unawaka na watu wamesimama bega kwa bega wakila. Kinachomsumbua mgeni ni namna ya kuingia. Hakuna mhudumu wa kukukaribisha, menyu ni ubao wenye maneno sita, viti huenda havipo kabisa. Wenyeji wanatamka neno moja mawili, wanapewa sahani, wanakula, wanalipa, wanaondoka. Robo saa imekwisha. Anayesubiri pembeni aulizwe "karibu, nikupe nini?" atasimama hapo mpaka nyama iishe.

Maelezo haya yameegemea Mexico City, kwa sababu ndiko taco za mikoa yote zimekutana, ila nitagusa pia pwani, kaskazini na jimbo la Yucatán. Kanuni ya kushika tangu mwanzo ni hii: kila kibanda kina nyama yake, na kila nyama ina saa yake. Ukikosea saa utakula taco mbovu katika mji wenye taco nzuri, kisha urudi nyumbani useme zimesifiwa bure.

Hatua ya 1: Tazama saa kabla ya kutazama kibanda

Saa ninazotaja ni za Kiswahili, usije ukafika kwenye barbacoa usiku.

Asubuhi ni ya vitu vilivyopikwa usiku kucha. Jumamosi na Jumapili tafuta barbacoa: nyama ya kondoo iliyofungwa kwa majani ya maguey na kufukiwa kwenye shimo la moto mpaka inaachia mfupa yenyewe. Maguey ni jamaa wa mkonge, na mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko. Miche iliyoanzisha mashamba ya Tanganyika ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mtu wa Tanga akiona jani lile nene limelala juu ya nyama hatahitaji kuelezwa. Barbacoa inayosifika zaidi ni ya jimbo la Hidalgo, kaskazini mwa Mexico City. Iagize pamoja na consomé, supu inayodondoka kutoka kwenye nyama na kukingwa chini kwenye chungu chenye dengu na wali. Ikifika saa 8 mchana, vibanda vingi vya barbacoa vinakuwa vimeshaosha vyombo.

Siku za kazi, asubuhi ni ya tacos de guisado. Utaona mstari wa vyungu vya udongo, kila kimoja na mchuzi wake: mayai kwenye salsa (rojo la pilipili), viazi na soseji, pilipili hoho kwenye krimu, kuku wa mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu na viungo. Wanaweka wali kidogo juu ya tortilla, halafu mchuzi unafuata. Hapo huna haja ya Kihispania. Nyooshea kidole chungu unachotaka.

Wakati huohuo utamwona mwenye baiskeli na kikapu kilichofungwa nailoni na vitambaa. Hizo ni tacos de canasta, zilizojazwa viazi, maharage au ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, zikamwagiwa mafuta ya moto na kuachwa zilainike kwa mvuke wake. Wauzaji wake wengi wanatoka Tlaxcala, hasa kijiji cha San Vicente Xiloxochitla. Kwa bei ndizo nafuu kuliko zote, na kwa mtu mwenye haya ndizo za kuanzia, maana muuzaji anafungua kikapu, anatoa, basi.

Kuanzia saa 4 asubuhi hadi alasiri ni zamu ya carnitas, nguruwe anayepikwa polepole kwenye mafuta yake ndani ya sufuria kubwa ya shaba, mapishi ya jimbo la Michoacán. Samaki na kamba ni wa mchana pia. Ukifika Ensenada, katika jimbo la Baja California, kula taco ya samaki wa kukaangwa yenye kabichi na krimu kabla jua halijashuka. Samaki wa mtaani usiku mwachie mwenye naye.

Jioni ndipo mji unapofunguka. Saa 1 usiku moto wa pastor na suadero, nyama nitakazozieleza Hatua ya 3, umeshakolea, na vibanda vingine havifungi mpaka saa 8 au saa 9 usiku. Mtaa wa Narvarte, Mexico City, kuna El Vilsito, mahali ambapo mchana ni gereji ya magari na usiku ni taco; ukienda mchana utakuta mafundi na spana.

Nje ya mji mkuu saa zinabadilika. Mérida na Yucatán yote wanakula cochinita pibil asubuhi: nguruwe aliyelowekwa kwenye achiote (kiungo cha mbegu nyekundu) na maji ya danzi, akafungwa kwa majani ya mgomba. Kaskazini, Sonora na majirani zake, ni nyama ya ng'ombe ya kuchoma kwa mkaa, na tortilla za unga wa ngano. Ndiko kwenye taco ambayo mtu wa nyama choma hahitaji kushawishiwa.

Hatua ya 2: Chagua kibanda kwa macho yako

Simu itakuletea majina, lakini ukishafika mtaani zima simu uangalie. Kibanda chenye nyama aina moja au mbili na watu wengi ni salama na ni kitamu zaidi ya kile chenye aina kumi na mbili na mwenyewe anachezea simu. Nyama inayoisha haraka haina muda wa kuharibika. Mengine yote kuhusu usafi wa chakula cha mtaani yanaanzia hapo.

Tazama ni nani wanakula. Mafundi, manesi, madereva wa teksi, watu wa ofisini wenye tai iliyotupwa begani isiingie kwenye salsa: hawa hula palepale kila wiki na hawawezi kumvumilia mpishi mchafu. Tazama pia mikono. Kibanda kilichopangika kina mtu mmoja wa nyama na mwingine wa pesa. Kama mtu ni mmoja, basi anavaa mfuko wa plastiki mkononi anapopokea noti, au anakuelekeza uweke pesa na uchukue chenji mwenyewe kwenye kibakuli.

Usistuke ukiona sahani imevishwa mfuko wa nailoni. Kibanda cha barabarani hakina bomba, kwa hiyo kila mteja anapewa sahani ya plastiki yenye mfuko mpya juu yake, na ukimaliza mfuko unavuliwa na kutupwa. Kwa mazingira ni hasara. Kwa tumbo lako ni faida.

Kuhusu sehemu zenye majina makubwa: Mei 2024 Michelin, wanaowapa nyota migahawa bora, walipotoa mwongozo wao wa kwanza wa Meksiko, nyota moja ilikwenda El Califa de León, chumba kidogo cha kula wima katika mtaa wa San Rafael kilichofunguliwa mwaka 1968. Foleni ya watalii ilifuata. Ukiwa na saa nzima ya kusimama juani, nenda. Mimi naona saa hiyo inatosha kula kwenye vibanda viwili visivyo na nyota.

Hatua ya 3: Jua unachokula

Tortilla ya taco za mtaani ni ya mahindi, ndogo kama kiganja. Mahindi hayo yamechemshwa kwanza na chokaa, yakalazwa usiku, yakaoshwa, ndipo yakasagwa yakiwa na majimaji. Chokaa ndiyo inayolegeza ganda, inayoupa unga harufu yake na kuufanya ushikamane; na zaidi ya hapo inaachia vitamini ya niasini ambayo mahindi ya kawaida huificha, mwili wa mlaji usiifaidi. Mahindi yalipotoka Meksiko na kusambaa duniani, ufundi wa chokaa haukufuatana nayo, na sehemu nyingi watu waliokula mahindi matupu wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Na kwa kuwa haukupitia chokaa, unga wetu wa sembe hauwezi kutengeneza tortilla hata ukiukanda vipi.

Sasa nyama.

Pastor ni mshikaki mkubwa uliosimama wima na kuzunguka mbele ya moto. Aliyewahi kukaa Muscat, Dubai au Mombasa atasema hii ni shawarma, na atakuwa sahihi: ufundi huo ulifika na wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi jirani, ukaanza kama "taco za Kiarabu" katika mji wa Puebla, kisha kondoo akabadilishwa na nguruwe, viungo vikawa pilipili kavu na achiote, ndipo nyama ikawa nyekundu. Juu kabisa linachomekwa nanasi. Simama umtazame mpishi mzuri: kwa mkono wa kulia anashusha kisu kirefu kwenye nyama, vipande vyembamba vinaangukia kwenye tortilla iliyo mkono wa kushoto, halafu bila kuangalia juu anakata kipande cha nanasi kwa ncha ya kisu, kinaruka, na anakidaka kwa tortilla ileile. Kazi yote ni sekunde chache. Kama kibanda chako kinakata nyama mapema na kuilundika kwenye sinia, ondoka, kuna kingine mbele.

Suadero inasifiwa kidogo kuliko inavyostahili. Ni nyama laini ya ng'ombe ya sehemu iliyo kati ya tumbo na paja. Inapikwa kwenye chombo cha chuma cha duara, katikati kimeinuka kuwa kilima na pembeni kuna mfereji wa mafuta. Nyama inachemka kwenye mfereji mpaka inalainika. Ukiagiza, inavutwa juu ya kilima ikauke kidogo, inapelekwa kwenye gogo, inakatwakatwa kwa panga fupi, tak tak tak, na tortilla inachovywa kwenye mafuta hayohayo ipate moto. Kama ungekuwa na usiku mmoja tu Mexico City, ningekuambia uanze na hii.

Kwenye chombo hichohicho kuna tripa, utumbo mwembamba wa ng'ombe. Utaulizwa unaitaka laini au iliyokauka. Sema "dorada", iwe kavu ya kutafunika. Mchanganyiko wa suadero na soseji ya longaniza unaitwa campechano.

Cabeza ni kichwa cha ng'ombe kilichopikwa kwa mvuke, na kinauzwa kwa sehemu: shavu ni cachete, ulimi ni lengua, ubongo ni sesos, jicho ni ojo. Asiyejua aanze na shavu. Kwenye carnitas nako nyama huchaguliwa: maciza ni mnofu, cuerito ni ngozi, buche ni tumbo, na surtida ni mchanganyiko wa vyote. Wenyeji wengi huagiza surtida, na wana haki, maana mnofu peke yake hukauka. Birria, asili yake jimbo la Jalisco, ni mbuzi wa mchuzi mwekundu. Siku hizi Tijuana na sehemu nyingi ni ya ng'ombe.

Kama huli nguruwe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wa pwani swali lao la kwanza ni hili, na miongozo mingi hulipita.

Pastor, carnitas, cochinita, longaniza, chorizo, chicharrón, buche: zote nguruwe. Hilo ni rahisi. Ugumu uko kwenye manteca, mafuta ya nguruwe, yanayoingia mahali ambapo huyaoni: kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tortilla za ngano, kwenye tamales (unga wa mahindi uliofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke), na mara nyingi kwenye ule mfereji wa suadero, ambako soseji ya nguruwe inapikwa kando ya nyama ya ng'ombe. Kwa hiyo taco "ya ng'ombe" kwenye kibanda cha mchanganyiko si ya ng'ombe mtupu. Kisu ni kimoja na gogo ni moja.

Pia jua kwamba nyama ya mtaani haichinjwi kwa utaratibu wa halali. Mwislamu anayeshika hilo kwa dhati asipoteze muda kuuliza kibanda hadi kibanda. Aelekee kwenye vibanda visivyo na nyama kabisa. Vipo, na si vya kujifariji. Tafuta akina mama wanaokanda unga wa mahindi ya bluu nje ya masoko na vituo vya metro. Wanatengeneza quesadilla (tortilla iliyokunjwa na kujazwa) za maua ya boga, uyoga, nopales (lile dungusi lililomenywa miiba) na huitlacoche, kuvu jeusi linaloota kwenye hindi na ambalo kwa ladha linashinda uyoga. Ila sema "con queso" kama unataka jibini, kwa sababu Mexico City quesadilla si lazima iwe na jibini, jambo ambalo watu wa mikoa mingine huwacheka nalo mpaka leo. Uliza inakaangwa kwa mafuta gani, au omba ipikwe kwenye kikaango bapa bila mafuta.

Samaki na kamba ni mlango mwingine, kwa tahadhari moja: unga wanaopakaza samaki kabla ya kukaanga mara nyingi umekorogwa kwa bia. Sentensi za kukariri ni tatu:

"No como puerco." Sili nguruwe.
"¿Es aceite o manteca?" Ni mafuta ya mimea au ya nguruwe?
"¿Lleva cerveza?" Ina bia?

Asiyekula nyama yoyote asiseme tu "sin carne". Kwa wengi "carne" ni nyama nyekundu, hasa ya ng'ombe, na unaweza kuletewa kuku kwa moyo mweupe kabisa.

Hatua ya 4: Agiza

Mswahili ana bahati kwenye Kihispania: a, e, i, o, u zinatamkwa vilevile kama zetu. Kumbuka tu kwamba h haisikiki, j inatoka kooni kama kh, ll ni y, ñ ni ny, na qu ni k. Basi "quesadilla" ni kesadiya, na "ajo" ni akho.

Sogea mpaka mbele, usisimame mita mbili nyuma. Salimu: "buenas tardes" mchana, "buenas noches" usiku. Salamu hairukwi, hata kama mpishi ana watu kumi; atakujibu bila kuinua macho, na hapo ameshakuweka kwenye foleni yake, ambayo iko kichwani mwake. Mwanamume muite "joven", kijana, hata akiwa na mvi, au "jefe", bosi. Mwanamke "señora", na msichana "señorita". Yeye naye anaweza kukuita "güero" au "güera", neno la mtu mweupe, hata kama wewe ni mweusi tii. Sokoni ni neno la kumvuta mteja, lichukulie hivyo.

Halafu agiza: "Me da dos de suadero y uno de pastor, por favor." Nipe mbili za suadero na moja ya pastor. Anza na mbili au tatu. Kosa la wageni ni kuagiza nane kwa mpigo; taco inaishi dakika mbili, baada ya hapo mafuta yanaganda na tortilla inapasuka. Wenyeji huagiza kidogo, wakimaliza wanaongeza. Mpishi hachoki.

Atauliza: "¿Con todo?" Maana yake kitunguu na kotmiri iliyokatwakatwa, na kwa pastor nanasi pia. Jibu "sí, con todo". Usichokipenda kitaje: "sin cebolla" bila kitunguu, "sin cilantro" bila kotmiri. Anaweza kuuliza "¿con copia?", yaani tortilla mbili kwa taco moja. Kubali. Nyama inayoanguka ichote kwa tortilla ya pili, tayari una taco nyingine ambayo hukuilipia.

Soma ubao vizuri. Baadhi ya vibanda, hasa vya pastor, huandika bei ya "orden", na orden ni taco kadhaa kwa pamoja. Ukiagiza "orden" tatu ukidhani ni taco tatu, utaletewa sherehe.

Hatua ya 5: Salsa, kwa adabu na kwa woga

Mbele yako kuna mabakuli, na hayo ni ya wote, bure. Kuna ndimu zilizokatwa, chumvi, figili, tango, vitunguu vya kuchoma, mara nyingine maharage. Kuna kachumbari ya nyanya, kitunguu na pilipili mbichi, wao wanaiita pico de gallo. Halafu salsa.

Rangi haikuambii ukali. Mgeni hudhani nyekundu ndiyo kali na kijani ni ya watoto; mara nyingi ni kinyume. Salsa ya kijani inatokana na tomatillo, nyanya ndogo za kijani zenye ganda la karatasi, na pilipili mbichi zinazoweza kukutoa machozi. Nyekundu nyeusi-nyeusi ni ya pilipili kavu, mara nyingi árbol, inachoma taratibu na kukaa. Ile ya kijani laini inayofanana na parachichi kuna vibanda inatengenezwa kwa zukini na mafuta bila parachichi hata kidogo, na inachoma vilevile. Yucatán wana habanero, ndugu wa pilipili mbuzi. Aliyekulia Unguja atajisikia nyumbani, lakini aanze na tone.

Uliza: "¿Cuál pica menos?" Ipi inachoma kidogo? Kisha dondosha kidogo pembeni ya sahani, chovya ncha ya tortilla, onja, ndipo umwagie taco. Ukisikia "no pica", haichomi, jua anayesema hivyo alianza kula pilipili kabla hajaota meno.

Kijiko cha salsa kisiguse taco yako wala sahani. Kimwagie kwa juu. Taco haichovywi kwenye bakuli la wote. Ukikoleza kupita kiasi, maji hayatasaidia. Kula tortilla tupu, ndimu na chumvi, au kinywaji kitamu.

Hatua ya 6: Mkao

Kwa mkono, wima. Kunja tortilla, ishike kwa vidole vitatu, rudisha miguu hatua moja nyuma, inamisha kiwiliwili mbele ili matone yaangukie sahani au lami. Kinachopinda ni shingo. Taco inabaki mlalo. Ukiiinua kama kombe utamwaga mafuta mpaka kiwikoni. Hakuna uma, na ukiomba utapewa kwa huruma.

Ukifika watu wanakula, sema "provecho", yaani mle vizuri. Ukiondoka, sema tena. Usiposema hakuna atakayekugombeza, ila utakuwa umeonekana.

Kunawa hakuna. Beba dawa ya kusafisha mikono na tishu, maana karatasi za kibandani ni nyembamba na hazinyonyi kitu.

Cha kunywa: soda za chupa, au agua fresca kutoka kwenye madumu ya kioo. Jamaica ni rozela, tamarindo ni ukwaju, horchata ni wa mchele na mdalasini. Kwa mtu wa pwani viwili vya kwanza havihitaji utangulizi. Maji ya bomba wenyeji wenyewe hawanywi. Wananunua ya madumu. Kwenye biashara inayojiheshimu barafu hutoka kiwandani, vipande vya duara vyenye tundu katikati. Ukiona barafu ya kubanjua, chukua soda.

Hatua ya 7: Lipa

Unalipa mwisho, na anayehesabu ni wewe. Nenda kwa mwenye pesa, useme "¿Cuánto le debo?" Atakuuliza: "¿Cuántos fueron?" Zilikuwa ngapi? Unajibu, "Cinco y un refresco", tano na soda, anapiga hesabu kichwani, anakutajia. Hakuna risiti, hakuna tiketi. Anaweza kuwa amehesabu kimyakimya, anaweza kuwa hakuhesabu; jioni yote biashara inakwenda kwa neno la mteja. Kwa hiyo kumbuka idadi yako, na kama mko kikundi mteueni mmoja wa kuhesabu na kulipa.

Taco moja ya mtaani Mexico City huwa kati ya peso 15 na 35, kutegemea nyama na mtaa. Za kikapu ni chini ya hapo. Noti ya 500 usiitoe kibandani, chenji haitapatikana na utawachelewesha watu. Ivunje mapema supamaketi, utembee na noti za 20, 50 na 100. Kadi hupokelewa kwenye migahawa yenye milango, mtaani pesa taslimu. Bakshishi si sharti ukila wima, lakini kuna kopo. Sarafu za chenji au asilimia 10 zinatosha. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza: "¿Puedo tomar una foto?" Na uombe ukiwa umeshaagiza.

Tumbo likikataa

Siku ya kwanza usijaribu kila kitu. Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari, umetoka safari ndefu, na tumbo lako bado liko uwanja wa ndege. Kula taco tatu za kibanda chenye watu, bila saladi mbichi, ulale. Siku ya pili ongeza. Kitu cha kuogopa zaidi ni salsa na mboga zilizokaa juani tangu asubuhi. Nyama iliyotoka motoni mbele yako ina hatari ndogo.

Weka pakiti za ORS kwenye mkoba kabla ya kuondoka. Zikikuishia, ingia duka la dawa lolote uombe "suero oral". Kuharisha kwa siku moja mbili bila homa ni jambo la kunywa maji na kupumzika, kula wali mtupu na ndizi. Kukiwa na damu, homa kali, au ukishindwa kubakiza maji tumboni, muone daktari siku hiyohiyo. Maduka mengi ya dawa Meksiko yana chumba cha daktari mlango wa pili, unaingia bila miadi na gharama yake ni ndogo. Tafuta neno "consultorio" ukutani. Hali ikiwa mbaya zaidi, namba ya dharura ni 911.